Nyanzobe Anakula Nyumba

Mume wangu Luhende ana maringo. Nyumba yetu hapa Galula aliifyatulia matofali kwa udongo wa mwalo wa zamani, pale wachimbaji walipokuwa wakioshea dhahabu kwa zebaki kabla hawajahama. Udongo laini, tena wa bure. Kila mgeni lazima aambiwe kwamba analala ndani ya dhahabu. Mimi nalala humo miaka yote na sijaokota hata ya kuzibia jino.

Sasa akaja mtaalamu wa udongo, kijana anaitwa Venance, akachota mwaloni, akachota bustanini, akaenda kupima. Aliporudi hakuwa na utani. Zebaki imo, madini ya risasi yamo, sumu zote mbili. Mchicha tung'oe, watoto wasiuchezee udongo ule, na mjamzito akae nao mbali kabisa.

"Kwani sisi tunaula?" Luhende akacheka. Nami nikacheka, mjinga mwenzake. Halafu nikamkumbuka mkamwana wetu Nyanzobe, ambaye tumbo limeshamtangulia mlangoni na hamu ya udongo haimwishi.

Nikaingia chumbani kwake. Nyuma ya kitanda ukuta ulikuwa na shimo la kuingia kichwa, na kijiko kimelazwa pembeni. Mtoto wa watu ametafuna nyumba.

"Ni kila siku, mwanangu?"

"Kila siku, mama. Ni mtamu kuliko wa sokoni."

Nikatoka kumweleza Luhende, na matusi niliyoyaongezea yalisikika hadi ng'ambo ya barabara. Nyanzobe naye akasikia, akajifungia kwa komeo. Twende hospitali, hataki. Aibu imemshika.

Kwetu baba mkwe haingii chumba cha mkamwana, wala hamsemeshi ovyo. Luhende akazunguka nyuma ya nyumba. Ukuta uliobaki pale ulikuwa mwembamba kama chapati. Akausukuma kwa dole gumba, ukatoboka, akainama penye lile tundu.

"Mama," akasema, "ukuta huu niliujenga mimi. Aibu ni yangu. Toka twende."

Komeo likafunguka. Nyanzobe akatoka na vumbi mdomoni, akampita Luhende, akanipita na mimi, akaenda kusimama mbele ya Venance, aliyekuwa bado uani.

"Na mtoto?" akauliza.

Venance alikuwa na jibu la kila mchicha. La mtoto alisema liko hospitali, kwenye damu ya mama yake, nami nikamchukia.