Jina Ukutani Rostock

…na sasa ananionyesha tena maji, kana kwamba mara ya kwanza sikuyaona, maji ya kijivu, meli nyeupe ndefu, watu wanakula aiskrimu asubuhi, siku ya kazi, huko Rostock, Ujerumani, na katikati yao mdogo wangu Nailantei kajifunga shuka jekundu, dada, unaniona? dada, geuza simu, naona maharage tu, nami nageuza, maharage niliyokuwa nachambua yananimwagikia mapajani, na Yeyo anasogea kwenye benchi, mama yetu, niliyemleta hapa Karatu kwa ajili ya kliniki ya macho, anakaza macho yake mabovu kwenye kioo, anauliza, hayo maji yote ng'ombe wanakunywa? yana chumvi, Yeyo, basi ya kazi gani, na Nailantei anacheka hadi picha inatikisika, yeye akiulizwa kitu anacheka na watu wanampenda, mimi nikiulizwa najibu kwa usahihi na watu wananyamaza… sasa anatuonyesha sanamu, samaki wa chuma, mwanamke wa shaba kakaa kando ya maji bila nguo, mbona hawakumpa hata shuka, atakufa na baridi, anasema Yeyo, huyo kashazoea, Yeyo, na wanacheka wawili juu ya kichwa changu, mimi ninayempikia uji, ninayemshika mkono kwenye foleni, sijakisikia kicheko hicho tangu afike, alikuwa anamtunzia nani, anamtunzia anayepiga simu mara moja kwa wiki… Nailantei aliyerudia kidato cha pili akafeli tena, wageni walimkuta kijijini Ololosokwan anauza hereni za shanga, wakapenda mikono yake, wakamwalika akachore ukuta bandarini kwao, na mchoro wenyewe ni mkufu wa shanga wa koko, bibi yetu, buluu, nyeupe, chungwa, kwa mpangilio huo na si mwingine, nani alikaa miguuni pake akiuliza, mimi, nani aliandika kwenye daftari kwamba alizaliwa rika la Terito wakiwa morani, mimi, Nailantei alikuwa nje anafukuza mbuzi… huu hapa, dada, ukuta wetu huu hapa, anasema wetu, ghala refu la bandarini, na juu yake mkufu wa koko, mpana kama zizi, shanga moja kubwa kuliko mlango, na ni mzuri, Mungu wangu, ni mzuri, hakukosea hata rangi moja, hilo ndilo linaloniuma, nilikuwa nimejiandaa kumsahihisha… simu inashuka, inafika chini ya ukuta, kuna herufi nyeupe, kila moja urefu wa mtu, nazisoma kabla sijajizuia, ni jina la koko. Jina lake kamili. Na hayo meupe chini ni nini, anauliza Yeyo, ambaye hakwenda shule, na kwetu jina la aliyekufa halitamkwi, alipoondoka koko hata binti wa mjomba Supeet aliyeitwa kama yeye alipewa jina jingine wiki hiyohiyo, tukazoea kusema yule mama, yule wa shanga, miaka kumi na minne sasa, na Nailantei amelisimamisha mbele ya meli… neno moja tu, nikimwambia Yeyo neno moja simu itafungwa, mjomba ataitwa, wazee watakaa, na huyu mpendwa wao atarudi nyumbani kama mtu aliyemwita marehemu barabarani, nimesubiri kitu kama hiki tangu tukiwa wadogo, ulimi wangu uko tayari… ila mwezi wa nne aliniandikia, dada, jina la koko linaandikwaje, wewe ndiye unayejua, sikuuliza la nini, nilifurahi kuulizwa, nikalituma, akakosea, nikamrudishia, si L moja, ni mbili, andika vizuri, na mbili zile pale, zimenyooka, nimezituma mimi. Nalotuesha, nimekuuliza, yale meupe ni nini? na Nailantei ameacha kucheka, ananitazama kutoka huko, upepo unampiga shuka, amejua yuko mikononi mwa nani, na nyuma yake mzungu mmoja mnene amemwinua mtoto mabegani, anamwonyesha zile herufi kwa kidole, moja moja, midomo yao inakwenda, wanalisema, wanalisema tu, hakuna anayewakemea, na wivu unanipanda upya, umemwacha Nailantei, umewaendea wale wawili, maana mimi niliyeliandika daftarini nikakunja ukurasa ndani sijalisikia kwa sauti yangu tangu siku ile ya mazishi… ni jina la mchoraji, Yeyo, nasema, mimi ambaye sijawahi kubadilisha hata tarehe. La Nailantei? Hapana, mzungu aliyemsaidia, jina gumu. Kubwa hivyo! anasema Yeyo, anajipenda huyo, na anarudisha macho kwenye shanga, hajauliza tena, Nailantei amefunika mdomo kwa ncha ya shuka, bado yuko hewani, hakuna anayekata simu, nami nalisoma tena, polepole, herufi moja baada ya nyingine, meno nimeyauma lisinitoke.