Barua ya Kunata

Remigius Katabaro alikuwa na vidole visivyojua kukaa. Mpe kalamu, ataibonyeza mpaka iteme springi. Mpe kikombe cha chai, atakizungusha mpaka chai ipoe. Basi semina moja ya mjini Kilindoni ilipogawa zawadi, na yeye akaangukiwa na pochi ya kadi, vidole vyake vilipata ajira ya kudumu.

Ilikuwa pochi ya ngozi bandia, nyeusi, ukubwa wa kiganja. Ukiifungua, ubavu wa kulia una vijifuko vya kuwekea kadi za biashara. Wa kushoto una vikaratasi vya manjano vyenye gundi mgongoni, vikubwa, vya kati, na vingine vidogo kama ulimi wa paka. Kadi za kwake hakuwa nazo. Mtendaji wa kijiji, tena wa Kiegeani, ampe nani kadi? Kila mtu anajua anapolala, na wengine wanajua mpaka alichokula. Alitia humo kadi za watu: ya fundi wa umeme wa jua, ya mhubiri mmoja wa Dar es Salaam, na ya bwana aliyeuza matangi ya maji. Halafu kazi ikawa kufungua na kufunga, tak, tak, kutwa nzima, mpaka mwenyekiti wa kijiji akamwambia kwamba hata kaa wa mikokoni wana utulivu kuliko yeye.

Mambo yangeishia hapo kama karatasi za ofisi zisingekwisha. Rimu ya mwisho iliisha mwezi wa tatu. Ikaombwa nyingine, ikaombwa tena, ikaja ahadi. Na watu, karatasi zikiwepo zisiwepo, wanataka barua ya utambulisho. Mtoto anaanza shule, barua. Unafungua akaunti, barua. Mtendaji anaandika kwamba huyu ni mkazi wangu, namfahamu, anagonga muhuri, mambo yanakwenda. Bila muhuri wewe ni kivuli tu kinachotembea.

Siku moja Iddi, mkwezi wa minazi, alikuja na haraka zake. Remigius akatazama kabati tupu, akatazama pochi. Akabandua kikaratasi kikubwa cha manjano, akaandika, "Iddi ni mkazi wangu. Namfahamu," akagonga muhuri. Ule mduara ukameza nusu ya maneno.

"Na hiki nacho ni barua?" Iddi akauliza.

"Kina muhuri?"

"Kinao."

"Basi unangoja nini?"

Iddi alirudi jioni meno nje, kikaratasi kimepokelewa. Juma lile lile watu wakaanza kuja wakitaka "ile ya kunata". Wakaibandika nyuma ya simu, ndani ya kofia, kwenye tangi la pikipiki. Mama mmoja, Mwanasiti, alikuja na karatasi yake mwenyewe ya daftari, akabadili mawazo mlangoni. "Nipe ya kunata, Mtendaji. Hii yangu wataiona ya wanyonge." Remigius akacheka. Alicheka miezi miwili mizima.

Kicheko kiliisha Alhamisi moja, saa nne asubuhi. Alitoka kumwaga machicha ya chai, akamwona mbuzi kasimama njiani anatafuna kitu cha manjano. Akamrukia. Wakavutana. Mbuzi alibaki na robo, Remigius akabaki na robo tatu zilizolowa mate: "Mwanamkuu Muhidini ni mkazi wangu. Namfahamu. Apewe nyavu." Kikombe kikamponyoka mkononi.

Kwani nyavu zenyewe zilikuwa na historia. Hifadhi ya bahari ilipoingia, majuya, zile nyavu za kukokota zenye matundu madogo, yalipigwa marufuku, kisha ukaja mradi wa kubadilishana: lete juya lako lichomwe, upewe nyavu mpya za matundu makubwa. Wanakijiji wote walishapeleka, isipokuwa Bi Mwanamkuu, mjane aliyeachiwa juya na mumewe na wana watatu wa kulivuta. Remigius alimwendea mara sita. Mara ya sita mama yule akamwambia, "Nyie watu wa bara mna maneno mazuri. Nikishachoma, zikikosekana hizo mpya?"

"Zikikosekana, Bi Mwanamkuu, unifanye chambo."

"Chambo chenyewe chembamba hivi! Samaki gani atasumbuka?"

Lakini alichoma. Alisimama upande wa moshi mpaka fundo la mwisho. Sharti la mradi lilikuwa moja: kila anayechukua nyavu aje na barua ya mtendaji wake, maana watu wa mbali walishajipenyeza wakaondoka na nyavu za wenyeji. Siku ya mwisho ya kuchukua ilikuwa hiyo Alhamisi. Saa kumi, maji yakijaa, boti ingerudi Dar es Salaam na kila kilichobaki. Na Bi Mwanamkuu alikuwa ameshatangulia Kilindoni tangu alfajiri, barua yake ikiwa imembanduka njiani bila yeye kujua. Simu hakuwa nayo. Alisema simu ni mbwa anayefugwa mfukoni, hubweka wakati anaotaka yeye.

Remigius alichukua baiskeli ya mwenyekiti bila kuaga, na kwa pupa hakukumbuka hata kuandika barua nyingine. Mnyororo ulichomoka mara tatu njiani. Mara ya tatu haukurudi tena, akawa anaikokota baiskeli huku anakimbia, jasho linaingia machoni, na mkono mmoja unapapasa mfuko wa shati kila hatua kumi kuhakikisha kile kikaratasi kipo.

Alifika saa saba na nusu. Ghala la mradi lilikuwa karibu na gati, na wapagazi walishaanza kubeba marobota kupeleka botini. Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, kanga kaifunga kiunoni kama mtu anayesubiri ugomvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu au umekuja kwa kuvuja? Mbona umelowa hivyo?"

"Nimeleta barua yako."

"Barua yangu!" Akasimama. "Niliibandika hapa kwenye mkoba, ikanata mpaka nyumbani kwa Shaabani, nilipofika hapa haipo. Nimemweleza yule bwana tangu saa tatu. Ananitazama kama nauza uongo kwa fungu."

Yule bwana aliitwa Deusdedit, karani wa mradi, kijana mnyoofu mwenye kalamu mbili mfukoni na daftari kubwa la mistari. Alikipokea kikaratasi kwa ncha za vidole.

"Hii nini?"

"Barua ya utambulisho," Remigius akasema.

"Ina meno."

"Ni mbuzi."

"Tarehe haina. Kumbukumbu namba haina. Na muhuri umeliwa, imebaki 'EGEA'. Egea ni kijiji gani?" Wapagazi wawili wakacheka, wakatua robota ili wacheke vizuri. "Na wewe nani?"

"Mimi ndiye mtendaji mwenyewe."

"Kitambulisho?"

Remigius akajipapasa. Kitambulisho kilikuwa kwenye koti, koti lilikuwa kwenye msumari, msumari ulikuwa Kiegeani. Akatoa pochi, na kwa kiwewe akachomoa kadi ya kwanza iliyokuja. Deusdedit akaisoma kwa sauti: "Fundi wa umeme wa jua. Hongera, ndugu. Ghala letu lina giza kweli."

"Namfahamu huyu!" Bi Mwanamkuu akaingilia. "Ndiye Mtendaji wetu. Anatoka Karagwe, hali pweza, na vidole vyake havitulii. Mtazame."

Wote wakatazama. Pochi ilikuwa inafunguka na kufungika, tak, tak.

"Mama, yeye amekuja kukutambulisha wewe," Deusdedit akasema, "na wewe unamtambulisha yeye. Sasa mimi hapa anitambulishe nani, mbuzi?"

Baada ya kicheko alishusha sauti, na hapo Remigius aliona kwamba kijana hakuwa mbaya, alikuwa na hofu tu. Alifungua daftari akawaonyesha. Jina la Mwanamkuu lilikuwepo, na tiki: juya limechomwa. Safu ya barua ilikuwa tupu. "Nikifika Dar, wavu mmoja hauna karatasi, watasema nimeuza. Nina miezi minne tu kazini. Karatasi nitawapa, ya ukubwa kamili. Andika hapa. Lakini nataka muhuri."

Muhuri ulikuwa Kiegeani, kwenye mtoto wa meza, umefungwa. Ufunguo, ajabu, ulikuwa shingoni mwa Remigius.

"Ngoja nirudi mbio," akasema.

"Ghala linafungwa saa nane. Kikishaingia botini hakishuki." Deusdedit akatafuna kifuniko cha kalamu, akamtazama mama, akamtazama Remigius. "Nitafanya hivi, na Mungu anisaidie. Nyavu zitoke sasa, ziende na mama. Wewe ubaki hapa uwe dhamana. Mama alete muhuri. Boti ikiondoka muhuri haujaja, unapanda na mimi, ukawaeleze wakubwa mwenyewe."

"Napanda," Remigius akasema, kabla akili haijamfikia.

Wakamwita Ussi wa pikipiki. Robota likafungwa nyuma, mama akapanda juu yake kama malkia wa magunia, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Wakati injini inawaka akainama.

"Mtendaji. Wanangu wako ufukweni tangu asubuhi wananisubiri. Leo maji ya bamvua, yanajaa kupita siku zote. Na mimi nimetembea, nimechoka. Nikifika nikajilaza kidogo?"

"Mama, usifanye utani."

"Nani anafanya utani?" Na pikipiki ikaondoka.

Alikaa kwenye kreti. Akasimama. Akakaa. Wapagazi walipita na marobota, na kila wakipita walimsalimia, "Dhamana, hujambo?" Saa nane ghala likafungwa. Saa nane na nusu alikwenda mpaka barabarani, akarudi. Alihesabu kichwani: kwenda, kushusha robota, kufungua ofisi, kurudi. Hesabu ilikubali. Akahesabu upya, safari hii akatia wana watatu wanaorukaruka ufukweni, na mashua imeshaelea, na mama anayesema ngojeni kwanza nione zinavyozama vizuri. Hesabu ikakataa. Mwanamke yule alikuwa na nyavu zake. Deni lake na dunia lilikuwa limekwisha. Angerudi kwa sababu ya nani? Ya mtu wa bara aliyemchomesha juya la mumewe, kisha akampa barua ya kulisha mbuzi?

Saa tisa pochi ilikatika. Bawaba yake ndogo iliachia tak ya mwisho, ubavu mmoja ukabaki mkono wa kushoto, mwingine wa kulia. Remigius akavitazama vipande vyote viwili na hakujua vidole avifanyie nini. Akavikalia.

"Mtendaji," Deusdedit akamwita kwa upole, saa tisa na dakika arobaini. "Tusogee."

Boti ilikuwa inanguruma. Maji yalikuwa yameshapanda ngazi tatu za gati. Remigius alifikiria shati lake moja, kikao cha wazee wa kijiji siku ya Jumamosi, baiskeli ya mwenyekiti; alifikiria wakubwa asiowajua wakimuuliza ilikuwaje, naye anaanza, "Kulikuwa na mbuzi." Akaweka mguu mmoja botini.

Ndipo pikipiki ya Ussi ikatokea upande wa sokoni, honi imekwama inalia yenyewe, na nyuma yake Bi Mwanamkuu, mgongoni kafunga kitu kwa kanga, kitu cha mraba. Alishuka kabla pikipiki haijasimama. Akafungua kanga. Ulikuwa mtoto wa meza mzima: kalamu, pini, mshumaa, nusu ya biskuti, barua za watu, kitambulisho cha mtu aliyekufa, muhuri, na kila takataka ya miaka mitatu.

"Mama! Nilisema muhuri tu!"

"Nipekue vitu vya serikali, mimi? Kesho ikikosekana pini, Mwanamkuu kaiba. Nimefungua, nimechomoa, nimebeba. Tafuta mwenyewe."

Remigius akaandika ukurasa mzima, tarehe, namba, hata salamu. Akashika muhuri, ndipo akakumbuka: muhuri bila wino ni kizibo cha mti. Hakuwa amemwambia alete pedi ya wino. Akapekua biskuti, akapekua mshumaa, na chini kabisa, kwenye kona, ikawa ipo. Akagonga. Mduara ulikaa safi, KIEGEANI yote, mpaka herufi ya mwisho.

Deusdedit aliirukia karatasi, akaipepea ikauke, akarukia boti nayo mdomoni.

Walibaki gatini wakiangalia povu.

"Nilidhani hurudi," Remigius akasema.

"Na mimi nilidhani," mama akasema. "Wanangu walinishika miguu. Nyavu ziko majini tangu saa tisa, nimeziona zinavyozama, nzuri. Nikasema nikae kidogo. Kila nikikaa namwona mtu wa Karagwe hajui kuogelea, anatapika mpaka Dar es Salaam. Hata starehe sikuipata." Akapanda pikipiki. "Nafasi ni moja. Wewe una baiskeli."

"Ina mnyororo uliochomoka."

"Lakini ina keria."

Remigius alifunga mtoto wa meza kwenye keria kwa kamba ya marobota, kama sanduku la mchuuzi, akaanza kuikokota kuelekea Kiegeani. Kabla hajafika nusu ya njia, watu saba walikuwa wameshamsimamisha kumuuliza karanga anauzaje.