Kamati ya Kuchagua Mfuko wa Tuba

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kama unabisha waulize wanaume watatu wa kamati iliyoundwa kuchagua mfuko wa tuba. Mmoja alikuwa Papa Damien, mwenyekiti wa fanfari, bendi ya matarumbeta ya kanisa la Wakongo, wa pili mweka hazina, wa tatu mwandishi wa mikutano. Watu wazima, wenye suti na heshima zao. Katika miaka sita tangu fanfari hiyo ianze kupuliza tarumbeta zake katikati ya Johannesburg, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiteremsha tuba, lile tarumbeta kubwa lenye sauti nzito ya besi, ngazi za jengo lao mpaka barabarani. Lakini mfuko wa kuibebea, wao ndio wenye kujua.

Aliyekuwa akiibeba ni Falonne, mwanamke wa Uvira, msusi, mama wa watoto wawili. Kutwa nzima alisimama saluni akisuka vichwa vya watu, na Jumamosi jioni alipanda ghorofa tatu za jengo la kanisa, ambalo lifti yake ilikufa kabla hata Wakongo hawajalipanga, kwenda kufanya mazoezi. Kukiwa na msiba au harusi, aliishusha tuba mgongoni. Kilo kumi na ushee. Ni uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, ila mtoto ukimbeba hukushika shingo na kukusaidia kidogo. Tuba haikushiki popote.

Aliyemfundisha kuipuliza ni marehemu Papa Jumbe wa kitongoji cha Diepsloot. Wengine walipocheka kwamba ala kubwa kama ile si ya mwanamke, yeye alisema pumzi haina suruali wala kitenge. Alimwambia pia kwamba tuba ikiwepo hakuna anayeitazama, lakini ikikosekana hata mtoto anajua wimbo una njaa. Basi Papa Jumbe akafariki Januari ile ya mwaka 2017, na siku ya kumzika, Falonne akiwa kwenye ngazi za kanisa, mkanda wa mfuko wa zamani ukakatika. Tuba ikabingirika vidato vinane. Mdomo wake mpana ukabonyea, vali mbili za kubonyeza kwa vidole zikakwama, na mzee akateremshwa kaburini bila besi. Falonne alisimama makaburini mikono mitupu, akilia kwa msiba na kwa aibu, asijue kipi kinazidi. Akamwahidi mjane, Mama Agnès, kwamba siku ya kuondoa matanga tuba italia, iwe isiwe.

Tuba ilitengenezwa. Ulibaki mfuko. Kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo, Falonne alitumia saa yake ya chakula kwenda duka la ala za muziki, mwendo wa dakika kumi kutoka saluni. Alijaribu mifuko mitatu mgongoni mbele ya kioo, akiijaza magazeti ya mwenye duka. Akaupata aliokuwa akiutaka: laini kwa nje, wenye sponji nene ndani, mikanda miwili mipana ya mabegani na mmoja wa kiunoni, usiopitisha mvua, na zipu inayofunguka upande wa mdomo. Akaandika yote kwenye karatasi, na vipimo, na jina la duka, akampa Papa Damien mkono kwa mkono. Papa Damien alishukuru sana, akaikunja karatasi, akaichomeka katikati ya Biblia yake. Sijui aliichomeka kwenye kitabu gani, lakini hakikuwa kitabu cha Ufunuo, maana haikumfunulia kitu.

Hapo lazima nieleze desturi ya watu hawa. Ala ikinunuliwa, mchungaji huipaka mafuta mbele ya kanisa na kuikabidhi kwa mpulizaji wake. Kuanzia siku hiyo hakuna mkono mwingine unaoigusa, hata kuifuta vumbi, ila mpulizaji mwenyewe akiruhusu kwa kumtaja mtu jina. Ni desturi nzuri. Imezuia watoto kuchezea vali na imezuia watu wazima kukopeshana vitu visivyo vyao. Lakini kamati ilipokwenda kupima, tuba ilikuwa pale kwenye kigoda chake, imefunikwa shuka jeupe, na Falonne alikuwa kazini. Wangeweza kumpigia simu awaruhusu. Hawakumpigia, kwa sababu kumwomba ruhusa kungefungua mlango wa kumwomba na maoni.

Kwa hiyo walipima bila kugusa. Mwandishi alishika ncha moja ya kamba, mweka hazina ncha nyingine, wakainyoosha hewani kiganja kimoja mbali na shuka, Papa Damien akiwaelekeza kulia, kushoto, chini kidogo. Shuka lilikuwa limebonyea kwa juu, pale lilipozama ndani ya mdomo, nao wakalifuata lilivyobonyea. Wakafunga fundo, wakaenda nalo madukani, tena si duka la Falonne. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia kanisa aliyaona haya yote na alikuja kumsimulia Falonne baadaye, mbavu zikimuuma kwa kicheko. Falonne hakucheka.

Jumamosi, siku moja kabla ya matanga, kamati ilileta ilichochagua. Haukuwa mfuko. Lilikuwa sanduku gumu, jeusi, lenye kufuli za kung'aa na magurudumu manne madogo kama ya kiti cha ofisini, na ubavuni wameshaandikisha jina la kanisa kwa rangi ya dhahabu. Waimbaji wa kwaya walipiga makofi. Papa Damien alisema kanisa lao si la kubeba vitu mgongoni kama wachuuzi, na sanduku hili hata maaskofu wakilitazama wataona heshima. Falonne aliyatazama magurudumu, akazifikiria ghorofa tatu, akazifikiria njia za Diepsloot zenye mifereji ya maji machafu. Damu ikaanza kumpanda.

Akaliondoa shuka, akaibeba tuba, akailaza ndani. Mwili uliingia. Mdomo ulibaki nje, vidole vinne kamili, na kifuniko kikasimama wima kama mtu aliyekatazwa kuketi.

Mweka hazina alisema labda ikigeuzwa. Falonne akaigeuza. Mwandishi akasema labda ikisukumwa, na Falonne akamwangalia mpaka akainamisha kichwa. Papa Damien alizunguka sanduku mara mbili, akapangusa uso kwa leso, kisha akamwita mpuliza baritoni, ala iliyo kama mdogo wake tuba, ajaribu yake. Baritoni ikaingia, ikatulia, kifuniko kikafunga kwa mlio mzuri.

Na hapo, badala ya kusema tumekosea, neno moja tu la Kiswahili, mwenyekiti aliinua mkono na kutangaza kwamba Mungu ameonyesha. Mvua za mawe za Februari si za kuchezea, bakkie itakayowapeleka Diepsloot ni gari la mizigo lisilo na turubai, tuba imetoka kutengenezwa juzi. Kesho itakwenda baritoni, ambayo ina sanduku. Tuba na Dada Falonne wapumzike.

Kuna hasira zinazopiga kelele na kuna zinazokausha mate. Ya Falonne ilikuwa hii ya pili. Wiki mbili nzima alikuwa amefanya mazoezi ya wimbo mmoja, midomo imevimba, wateja wakimuuliza saluni kama mumewe amempiga. Alisimama, akasubiri mpaka kila mtu amtazame.

"Papa Damien," akasema, "nyinyi mlienda kuchagua mfuko. Sasa mfuko ndio unatuchagulia nani aende kumlilia Papa Jumbe."

Mwenyekiti alijibu kwamba mambo ya kamati hayajadiliwi mbele ya kwaya. Falonne aliitoa tuba sandukuni, akaizungushia blanketi mbili za watoto wake alizokuwa ameitandikia kigodani, akaifunga kwa kitenge alichokuwa amevaa juu ya suruali, na akaondoka nayo. Hakuna aliyemzuia. Mpulizaji kubeba ala yake haombi ruhusa, na kumzuia kungehitaji mtu aiguse.

Kesho yake alikuwa rankini, kwenye kituo cha teksi, kabla ya saa moja asubuhi. Dereva wa teksi alipouona ule mzigo wa blanketi aliuliza kwa Kizulu kama ni mtu, naye akajibu ni mkubwa kuliko mtu, akalipia viti viwili. Alifika Diepsloot, akakaa uani kwa Mama Agnès, akapaka vali mafuta. Bakkie ya kanisa ilipowasili, wanaume wawili wakilishusha sanduku kwa mbwembwe na magurudumu yake yakizama kwenye tope hatua ya kwanza, yeye alikuwa ameshakaa kwenye nafasi yake. Papa Damien alimwona. Alifungua mdomo, akamwona na mjane aliyesimama mlangoni, akaufunga.

Wakapiga. Mama Agnès alikuwa amerudi ndani kusubiri kuvua nguo nyeusi, na alikuwa amewaambia shemeji zake kwamba hatazivua mpaka asikie ile sauti ya chini ambayo mumewe alikuwa akiifanyia mazoezi kitandani kwa mdomo mtupu. Falonne akavuta pumzi, akaishusha sauti ile. Bati za nyumba za jirani zilitetemeka. Mama Agnès alitoka na kitenge cha manjano, akilia na kutabasamu, na ahadi ikawa imetimia.

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Tuba ilirudi bila mkwaruzo hata mmoja, mjane alipiga simu kushukuru, kila mtu angeweza kwenda zake. Wapi! Jumamosi iliyofuata kamati ilisoma barua. Ilimshukuru Mungu kwa sanduku lililolinda ala safarini, kisha ikamsimamisha Falonne miezi mitatu kwa kosa la kuisafirisha ala ya Bwana bila kifuniko kinachostahili. Bila kifuniko! Watu waliomnyima kifuniko ndio hao waliomhukumu kwa kukosa kifuniko, na walisoma bila kupepesa macho. Falonne aliifunika tuba kwa shuka lake jeupe, akaaga, akashuka ngazi. Alilia kwenye ghorofa ya pili, mahali ambapo balbu imeungua, akafuta uso na kwenda kuwapikia watoto.

Jumapili zilizofuata alikaa benchi la nyuma, mikono mapajani. Mbele, tuba ilikaa chini ya shuka karibu na sanduku lililong'aa, na hakuna mkono uliothubutu kuigusa. Kumpa mtu mwingine hawakuweza, maana makabidhiano hufanywa na mpulizaji mwenyewe, naye hakuombwa wala hakujitolea. Fanfari ilipiga. Ilisikika nyembamba kama uji wa mwisho wa mwezi. Watu walianza kugeuza shingo kumtazama Falonne, halafu wakaanza kuuliza kwa sauti. Jumapili ya nne Mama Agnès alisafiri kutoka Diepsloot, akasikiliza wimbo wa kwanza, akasimama katikati ya wimbo wa pili na kutoka nje.

Jumanne asubuhi Papa Damien aliingia saluni. Falonne alikuwa ndiyo kwanza anaanza kichwa cha rasta ndogondogo. Akamwelekeza kiti cha plastiki, na mwenyekiti akakaa kati ya wanawake waliojifunika taulo, kofia yake magotini, muda wa saa mbili na nusu. Wakamwuliza kama amekuja kusuka. Alivumilia. Kichwa kilipokwisha na mteja kulipa, alisimama.

"Mama Falonne, vipimo vilitushinda," akasema. "Naomba uniandikie tena ile karatasi."

Hakuwa amewahi kumwita Mama. Siku zote alikuwa Dada, au wewe. Falonne alinawa mafuta mikononi taratibu. Alikuwa ameyapanga matusi ya wiki nne, yote ya haki, lakini alipomwona yule mtu mzima ameikunjakunja kofia yake kama mwanafunzi, aliona matusi ni malipo madogo mno.

"Siandiki tena," akasema. "Twende kanisani."

Walipanda ghorofa tatu. Alilivuta shuka, akarudi nyuma hatua moja, akamtaja kwa majina yake yote matatu, kama desturi inavyotaka, na kumwambia amemruhusu aishike tuba, aibebe mpaka dukani. Papa Damien alisita. Aliitazama kama mtu anayepewa mtoto mchanga wa mwenzake. Kisha akainama akaikumbatia, bila mfuko, bila mkanda, bila blanketi.

Falonne alitembea nyuma na mkoba wake mdogo. Kwenye ngazi alimwonya asigonge mdomo wa tuba ukutani. Barabarani wachuuzi walimpisha Papa Damien. Kwenye robot ya kwanza, taa za kuongozea magari, alihamisha tuba bega. Kwenye ya pili taa ilikuwa ya kijani na bado alisimama, akaiegemeza tuba juu ya kiatu chake isikwaruze lami, jasho likimtiririka mpaka kwenye tai.

"Ni mbali?" aliuliza.

"Hata nusu bado. Unaumwa wapi?"

Papa Damien alifikiri kwamba anataniwa. Alipoona sivyo, akagusa bega la kushoto, akagusa kiuno, akaonyesha vidole vilivyokakamaa.

"Haya," Falonne akasema. "Sasa tunaweza kwenda kuchagua mfuko."