Chale Upande wa Kulia

Kamati ilikuwa inikalie saa nne, na saa tatu u nusu nilikuwa nimejifungia choo cha ghorofa ya tatu nikijifunza upya kupumua. Mtu anayesomea ubongo hapaswi kushindwa na wa kwake, lakini wangu siku hiyo haukushikika.

Kamati ya mwaka wa pili si mchezo. Ndiyo inayoamua kama utaendelea na uzamivu au utakabidhiwa cheti cha uzamili na kuagwa kwa adabu. Mwaka uliotangulia waliagwa wawili, na mmoja wao alikuwa na akili kunizidi.

Kosa langu lenyewe lilikuwa dogo kama kucha. Katika maabara yetu panya hupewa dawa upande wa kushoto tu wa ubongo. Wa kulia huachwa hivyo hivyo ili tulinganishe. Kabla ya kuukata ubongo vipande vyembamba, unauchanja chale moja upande wa kulia kwa wembe. Bila chale hiyo umekwisha, maana vipande huelea majini na kugeuka vinavyotaka, na pande mbili za ubongo hufanana kama kurwa na doto. Panya wanane niliwachanja. Wanne wa mwisho niliwakata siku niliyokuwa na homa, nikasahau.

Nilimkimbilia Bingwa. Ndiye mwanafunzi mkubwa kwetu, amebakiza mwezi mmoja amalize, na ndiye aliyenifundisha hata kushika wembe. Alicheka.

"Mdogo wangu, usijipe presha. Dawa si inaongeza seli? Basi upande wenye seli nyingi ndio kushoto. Andika, maisha yaendelee."

Nikaandika. Grafu ikatoka nzuri hata Profesa akaibandika mlangoni kwake, na kila nilipopita pale nilitazama sakafu. Nilikuwa nimewaambia panya wanne cha kusema, kisha nikawashukuru kwa kukubaliana nami.

Simu ikalia humo humo chooni. Alikuwa mama, fundi cherehani kwa miaka thelathini, ambaye husikia uongo kabla hujaumaliza.

"Mbona sauti iko hivyo?"

"Mama, ukikata kitambaa cha mtu bila kupiga chaki, unafanyaje?"

"Namwambia mwenyewe nimekiharibu. Nikimshonea hivyo hivyo, atakuja kugundua mbele za watu. Kwani nani kakata?"

"Hakuna, Mama."

"Haya. Kanywe chai."

Sikunywa. Niliingia nikakuta watu watatu na jagi la maji: Profesa, mtaalamu wa takwimu, na daktari wa mishipa ya fahamu aliyekuwa akitazama saa yake. Bingwa alikuwa amekaa nyuma kunipa moyo. Nilisema vizuri mpaka nilipofika kwenye grafu yenyewe, nikajimiminia maji.

"Endelea, mwanangu," akasema Profesa.

"Wanne kati ya hawa kumi na wawili hawana chale," nikasema. "Kushoto kwao sikujui. Nilichagua upande ulionipa jibu nililolitaka."

Nikaonyesha grafu ya pili, ya wale wanane tu. Nguzo zake mbili, ya kushoto na ya kulia, zilikuwa zimelingana. Kazi yangu ya miaka miwili ilikuwa imeondoka, na niliiondoa mwenyewe. Mtaalamu wa takwimu akavua miwani.

"Nani alikufundisha kuchagua hivyo?" akauliza Profesa.

Bingwa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilifanya mimi," nikajibu. Ilikuwa kweli, ingawa haikuwa kweli yote.

Wakanitoa nje dakika ishirini. Nilihesabu vigae vya korido, nikapotea, nikaanza tena. Nikajiona nateremsha sanduku langu mlangoni kwa mama, naye anaendelea kushona. Waliponiita, Profesa alisema sijafaulu wala sijafukuzwa: nina miezi sita, panya wapya, kisha watanikalia tena. Tulipotoka akaibandua ile grafu mlangoni kwake, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Na mimi niliipenda kupita kiasi," akasema.

Nilirudi mezani kwangu. Juu ya meza nikakuta boksi la vioo vya darubini, vyote vya Bingwa, vipande vya ubongo vya tasnifu yake nzima, kioo kimoja kwa kila panya. Juu yake palikuwa na karatasi: *Mdogo wangu, niangalizie wewe. Mimi naogopa.*

Nikaweka cha kwanza chini ya darubini nikatafuta chale ukingoni, upande huu na ule. Haikuwepo. Cha pili, hivyo hivyo, na vilivyofuata. Nilipofika cha tisa nikasikia mtu nyuma yangu, nikageuka. Bingwa alikuwa amesimama mlangoni, ameikumbatia tasnifu yake ambayo tayari ilikuwa imejalidiwa, akisubiri nimwambie.