Safu ya Lipite

Mwaka 2001 kampuni moja ya Dar es Salaam ilikodi chumba nyuma ya soko hapa Singida mjini, ikaweka kompyuta tatu na feni. Walikuwa wanatengeneza mchezo wa kompyuta kwa ajili ya shule. Mchezaji anakuwa mkulima: analima alizeti, anangoja mvua, anavuna, halafu anaamua amuuzie mfanyabiashara yupi. Ukimgusa mtu kwa mshale, maneno yake yanatokea chini, ndani ya kisanduku. Maneno hayo yalihitaji watu wa kuyaandika, na mtu wa kuyakagua kabla hayajapelekwa Dar.

Waandishi walikuwa wawili. Mmoja ni Nasri, wa ukoo wa wenye maduka pale mjini, ambao babu yao alitoka Pangani. Mwingine ni Jesca, binti yangu, aliyemaliza kidato cha nne kwa alama zisizotosha kuendelea. Mkaguzi nikawa mimi.

Watu walishangaa, maana mimi niliishia darasa la saba. Lakini nilikuwa nimesoma matangazo kanisani miaka kumi na miwili, na mchungaji hakubandika karatasi yoyote mlangoni kabla sijaipitia. Na zamani, mume wangu alipokuwa hai, nilikuwa napanga madaraja kwenye ghala la ushirika. Alizeti safi huku, yenye mawe na makapi kule. Ushirika ulipokufa wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wala hawakuuliza daraja, wakabeba yote pamoja. Macho yangu yakakosa kazi. Kwa hiyo Bwana Antipasi, msimamizi wa ile ofisi, aliponiita, nilipiga magoti nikamshukuru Mungu.

Nilimwambia wazi, "Mmoja wa waandishi wako ni mwanangu wa kumzaa."

"Najua, mama. Nimeuliza mtaani. Wanasema wewe hata mwanao huwezi kumpendelea."

Neno lile lilinipendeza. Nililibeba kifuani mpaka nyumbani.

Kazi ilikuwa hivi. Karatasi zilichapwa bila majina, ila namba moja na namba mbili. Pembeni kulikuwa na safu tatu: Kosa Kubwa, Kosa Dogo, na Lipite. Lipite ilikuwa ya vitu ambavyo mkaguzi ana shaka navyo, au anaona havina madhara. Hivyo havikuhesabiwa. Baada ya miezi mitatu, mwandishi mwenye makosa machache angechukuliwa Dar kuajiriwa. Mwingine angerudi kwao. Jesca aliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu. Alikuwa ameshampelekea fundi kitambaa amshonee sketi mbili za kuvaa ofisini.

Zile namba hazikuficha kitu. Siku ya kwanza tu nilijua namba mbili ni Jesca, maana mzee mmoja wa kwenye mchezo wake alilalamikia mvua vilevile kama marehemu mume wangu: "Kule Sepuka imenyesha, huku imetutemea mate tu." Nilicheka peke yangu, kisha nikajikemea. Kuanzia siku ile sikushika kalamu kabla ya kuomba. Bwana, nizuie nisipendelee.

Wakati wa chai tulikaa barazani wote.

"Shikamoo, mama mkaguzi," Nasri alisema.

"Marahaba."

"Huyu mwanao anaandika Kinyaturu, halafu anakivalisha kanzu."

"Na wewe unaandika kama uko dukani kwenu," Jesca alimjibu. "Kila mtu kwenye mchezo wako anasema karibu mteja. Hata ng'ombe."

"Ng'ombe wa mjini wana adabu."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Jesca akanigeukia, bado anacheka. "Mama, leo nimepata mangapi?"

"Siruhusiwi kusema."

"Hata kwa macho?"

"Hata kwa macho."

Alinitazama kidogo, akaweka kikombe chini. Nyumbani ikawa hivyohivyo. Tukila, ananisomea sentensi aliyoiandika mchana na kuniuliza imekaaje. Namwambia aniulize kesho ofisini, na ofisini namwambia hairuhusiwi. Wiki ya tatu aliacha kuuliza. Nami nikaona nimeshinda jaribu.

Siku ya matokeo Bwana Antipasi alisoma kwa sauti ya chini. Nasri, makosa thelathini na nane. Jesca, sitini na tatu. Nasri hakucheka siku ile. Alimwambia Jesca, "Pole, dada," akatoka nje.

Jioni nilimkuta Jesca anakunja zile sketi.

"Mama, ulisoma vizuri?"

"Nilisoma kwa haki."

"Sawa," alisema.

Asubuhi aliondoka kwenda Mkiwa, kwa mdogo wangu Yustina, ambaye anawauzia chai na maandazi madereva wa malori pale njia ya Itigi inapochepuka. Nilidhani atakaa mwezi, hasira ziishe. Ikapita miaka mitatu. Barua zangu hazikujibiwa. Krismasi alinitumia salamu kwa mdomo wa utingo wa lori. Kwamba amezaa mtoto nilisikia kwa wanakwaya waliokwenda kule kwenye msiba.

Nililia, lakini nililia kama mtu aliyetenda sawasawa. Nilifanya na jambo jingine, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Nilisimama mbele ya kina mama wa ushirika wa kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Mungu alinipa nguvu ya kutompendelea hata niliyemzaa. Wakanipigia vigelegele.

Mwaka 2004 ule mchezo ukafika shule ya msingi ya mtaani kwetu. Mwalimu Manase, kwa heshima, aliniita nije kuuona. Watoto arobaini walisongamana mbele ya kompyuta moja. Mtoto mmoja akamgusa mwenye duka, kisanduku kikafunguka: "Karibu mteja, chukuwa gunia lako hapa."

"Mwalimu, hapo wamekosea, chukua haina w," msichana wa mbele akasema.

Watoto wakacheka. Mwalimu Manase naye akacheka. "Mama Jesca, hili lilikupitaje?"

Nikacheka nao. Lakini neno lile nililikumbuka. Nilikumbuka kulipiga mstari mwekundu, tena zaidi ya mara moja. Ila nilipoupiga ule mstari, karatasi haikuwa ya mwenye duka. Ilikuwa ya yule mzee anayelalamikia mvua.

Ofisi ilikuwa imefungwa siku nyingi. Katika chumba kilekile Bwana Antipasi alikuwa anauza madaftari na vocha za simu. Nilimwomba faili la ukaguzi, akalishusha kutoka juu ya kabati akalipangusa vumbi.

"Nenda nalo tu, mama. Hapa linaliwa na panya."

Nilizipanga karatasi juu ya meza yangu, namba moja kushoto, namba mbili kulia. Neno lilelile kushoto lilikuwa kwenye Lipite, na kulia kwenye Kosa Kubwa. Nukta iliyosahaulika ikapita kushoto, ikahesabiwa kulia. Ukurasa baada ya ukurasa. Na kushoto, pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wangu mimi: "Labda pwani ndivyo wanavyoandika." Nasri alizaliwa Singida, hajawahi hata kuiona Pangani. Lakini babu yake alitoka huko, na mimi moyoni mwangu niliona Kiswahili ni chao, sisi tumeazima. Kila nilipotia shaka juu ya Nasri, nilijitilia shaka mimi. Kila nilipotia shaka juu ya Jesca, niliona naulizwa na Mungu, nami nikatia wekundu upesi ili nisiulizwe tena.

Nikakagua upya, safari hii kwa kipimo kimoja. Nasri, hamsini na tisa. Jesca, thelathini na nne. Nilirudia mara tatu, ikawa vilevile.

Jumatatu nilipanda basi la Mkiwa. Jesca alikuwa jikoni nyuma ya banda la Yustina, anakaanga maandazi. Amenenepa mikono, uso umekonda. Alinipa kigoda, akanimiminia chai. Nilimweleza yote, sikujipunguzia. Hakugeuka. Aligeuza maandazi moja moja, akayaopoa.

"Nilijua, mama," alisema nilipomaliza.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile ya matokeo. Ulipotangulia nyumbani, nilimwomba Bwana Antipasi nizione karatasi. Akanionyesha zote mbili."

"Mbona hukuniambia? Tungekwenda kwake, nafasi ilikuwa bado ipo."

"Nilikuuliza kama ulisoma vizuri." Alipangusa mikono kwenye khanga. "Nilitaka uniambie ngoja, nikaangalie tena. Wewe unaona kila kitu. Tangazo la kanisani lenye nukta iliyorudiwa unaliona ukiwa mlangoni. Nikasema ataona. Kesho ataona. Mwezi ujao. Halafu nikasikia umetoa ushuhuda."

Nilisema nimekosa, nilisema anisamehe. Akasema amesamehe, lakini alisema kwa namna ambayo tunawajibu wageni wanaouliza habari za nyumbani. Nikamwambia arudi mjini tukae wote. Akasema huku ana kazi, na mtoto amezoea.

Malori mawili yalisimama, madereva wakaita chai. Jesca akabeba sinia. Kutoka nyuma ya gunia la mkaa akachungulia mtoto wa miaka miwili na kitu, ana paji la uso la marehemu mume wangu, waziwazi, hata kipofu angelitambua kwa kupapasa. Nikanyoosha mikono. Akajificha kwenye sketi ya mama yake.

Jesca akaweka sinia chini, akamshika bega, akamsogeza mbele taratibu.

"Mwamkie mgeni," alimwambia.

Mtoto akasema shikamoo, kwa sauti ndogo, akiangalia chini.

"Marahaba," nikaitikia.