Majogoo wa Hitima

Salme alikuwa akichambua mchele wa pilau nyumbani kwake, Shauri Moyo, pikapu ya Zubair iliposimama mlangoni na matenga ya majogoo. Ilikuwa siku ya hitima ya marehemu mamake. Zubair, muuza kuku wa jumla, alikuwa ametoa majogoo hao sadaka, na alipoanza kushukuriwa aliinua mkono kukataa.

"Wawahini na kisu tu, dada Salme," alisema. "Jua limewachosha. Mmoja akifa kabla ya bismillahi ni nyamafu, tushaharibu sadaka."

Majogoo walikuwa wamelaza shingo, vilemba vyao vimegeuka zambarau. Haidari, kakake Salme, ambaye ndiye mchinjaji wa mtaa, aliwatazama, akaona, akanoa kisu. Shauri Moyo watu huuliza kama kuku alichinjwa akiwa hai. Kama alikuwa mzima, hilo hawaulizi, na wa bure haulizwi kabisa.

Pilau ilitoka tamu. Watu walimwombea marehemu, na Zubair wakamwombea zaidi. Yeye mwenyewe hakula. Alisema ana funga ya sunna.

Alfajiri iliyofuata, jogoo aliwika tumboni mwa Salme. Aliwika mara mbili, akanyamaza. Salme akajifunga kanga, akaenda kutawadha. Ng'ambo ya ukuta alimsikia jirani yake Khawla naye akiwika. Msikitini safu ya pili iliwika yote. Wenzao wakangoja imalizike, kisha wakaendelea.

Matumbo ya wale kuku yalikuwa yametupwa kando ya mto. Korongo, wale ndege wenye upara wanaokaa kwenye miti ya barabarani, waliyala. Wakawika nao siku chache, kisha wakaanza kuanguka mmoja mmoja juu ya vibanda vya mitumba. Wauzaji walikung'uta nguo, wakaendelea kuita wateja.

Hapo ndipo maafisa wa mifugo walipokuja, kwa kuwa mafua ya ndege si jambo la kufichika. Amri ilikuwa moja: nyumba inayowika, kuku wake wote wachomwe. Nyuma ya nyumba Salme alikuwa na kuku wa kienyeji alioachiwa na mamake, wazima kabisa, wakichakura. Katika vyote alivyoacha mama, ni hao tu waliokuwa bado wanapumua, na Salme aliwapenda mpaka ikamuuma.

"Hawa hawana kitu, ndugu yangu," alimwambia Makau, mkubwa wa maafisa. "Anayewika ni mimi."

"Najua, mathe. Nimekusikia toka huko kwa geti. Lakini amri inasema nyumba, haisemi tumbo."

"Basi nendeni kwa Zubair. Majogoo walitoka kwake."

Makau hakuwa mtu mbaya. Alikwenda. Alikuta ghala limefagiwa na kupigwa dawa, hata unyoya hakuna. Akaweka sikio kwenye tumbo la Zubair, akasikiliza kwa makini, kama mkunga. Kimya. Akatangaza kwamba hapo hapana ugonjwa, akarudi kwa Salme na magunia.

Salme aliwakamata kuku kwa mikono yake, maana hawakuwazoea wageni. Alilia waziwazi. Haidari akauliza kama angeweza kuwahi hata wawili. Akaambiwa hapana.

Wiki zikapita, na mtaa ukawa unawika kila alfajiri. Zubair peke yake ndiye aliyekuwa kimya, kwa hiyo ndiye aliyepewa kibali cha kuleta kuku wapya. Watu walisema moyo safi haujifichi.

Ijumaa moja alibisha kwa Salme, ameshika mitetea miwili.

"Nimekuletea mbegu, dada. Marehemu alipenda kuku."

Mmoja alikuwa ameanza kulaza shingo. Salme alitoka mpaka kizingitini, mahali majirani wote wangemsikia, akafungua kinywa kumwambia Zubair alichofanya. Jogoo akawika, kwa sauti ndefu, iliyomfunika kila neno. Zubair alingoja kwa adabu mpaka ikaisha.

"Pole, dada," alisema. "Mimi sina. Hebu nisikilizeni."

Akainua shati. Khawla akawa wa kwanza kuinama, akatega sikio kwenye tumbo lile, kisha akaagiza kuku wanne.