Uvundo wa Lihanga

Vichaka vya Lihanga, nje kidogo ya Ifakara, vilikuwa vimebaki ekari sita tu. Vingine vyote vilimezwa na mashamba ya mpunga. Watafiti walisema humo mna mti mfupi wa maua meupe ambao hawakuuona kwingine bondeni, basi kijiji kikapiga marufuku kukata hata fito, na Agnella akawekwa mlinzi. Huu ulikuwa mwaka wake wa saba.

Jumatatu moja uvundo ulimpokea akiwa bado njiani. Katikati ya vichaka alikuta viroba kumi na viwili vimepasuka, matumbo ya kuku yametapakaa juu ya miche ya ule mti, manyoya yamenasa miibani, na funza wanachemka kama wali. Agnella alitapika. Alipopata nguvu alijifunga kitenge puani, akafuata alama za magurudumu matatu ya guta la mizigo. Ziliishia uani kwa mzee Stanislaus, mwenyekiti wa kamati ya maliasili, aliyewachinjia kuku wenye hoteli za mjini.

Alimwamkia shikamoo, kisha akamweleza alichokiona. Stanislaus hakukana. Alisema shimo lake limejaa, na mvua zikija zitaosha. Akamwita mkewe alete kuku mnono, kitoweo cha mama mlinzi.

“Mwanangu, kile ni kichaka tu,” akasema. “Mimi na wewe tunajua.”

Agnella alimtazama yule kuku aliyening’inizwa miguu juu. Akawakumbuka wawili aliopewa na mzee huyu wakati wa Pasaka, akawala na wanawe, wala hakujiuliza kwa nini amekumbukwa. Kichefuchefu kikamrudia, na sasa hakuweza kuusingizia uvundo wa vichakani.

“Baba, sili tena cha kwako,” akasema. “Viondoe vile viroba, au nitawaleta wanakijiji wavinuse.”

Hakuviondoa. Alhamisi Agnella aliwaongoza watu hadi pale. Walitema mate, wakaziba pua, na papo hapo wakamvua mzee uenyekiti na kumkabidhi koleo. Alizoa mpaka jua likawa utosini. Miche mingi ilikuwa imekwisha kuungua kwa uozo ule.

Alipomaliza, alijifuta mkono kwenye suruali akaunyoosha kwa Agnella, waagane. Agnella aliutazama ule mkono, akauacha ukiwa umenyooshwa, akaenda kuchota maji ya kumwagilia miche iliyobaki.